SOMO LA ROBO HII: Kabla ya Kujaza Fomu ya Mfadhili



Robo iliyopita nilikaa siku mbili Busale na kamati ya huduma za jamii ya usharika. Waliniita kwa jambo moja, nafasi za ufadhili. Mwenyekiti alikuwa na karatasi sita alizochapisha kwenye steshenari mjini Kyela, kila moja tangazo la mfuko au la mkutano wa afya. Moja ilitoka ubalozini, moja kwa asasi ya Dar es Salaam, mbili zilihusu mikutano ya nje ya nchi, na mbili, niseme kweli, hata mimi niliyesomea mambo ya maendeleo chuoni sikuelewa zinataka nini. Akazipanga mezani moja moja, akaniuliza, "Mratibu, tujaze ipi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Somo hili limetokana na mazungumzo ya siku hizo mbili. Nimeliandika kwa ajili ya kamati zote, kwa sababu najua karatasi kama zile zipo Ipinda, zipo Matema, zipo Mwaya. Nimeliandika pia kwa wafadhili wetu, maana kuna kosa nitakalolieleza hapa chini ambalo nililifanya mimi, lakini fomu zenu zilinisaidia kulifanya.

TUANZE NA NENO

Someni 1 Wakorintho 16:1-4, kisha 2 Wakorintho 8:16-21. Tumezoea kusoma sura hizi wakati wa semina za uwakili, tukitaka watu watoe zaidi. Safari hii zisomeni kama watunza hazina. Paulo anakusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya ndugu wenye shida kule Yerusalemu. Fedha inawekwa kidogo kidogo kila juma, kabla mtume hajafika. Watu wa kuipeleka wanachaguliwa na makanisa yenyewe. Tito naye hatumwi peke yake. Anafuatana na ndugu anayeaminiwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kunung'unika juu ya fedha nyingi namna ile.

Kwa hiyo kuna mchango wa wenyewe kwanza, kuna wasimamizi waliochaguliwa na wenyewe, na kuna macho zaidi ya mawili kwenye fedha. Wafadhili wa leo wanadai mambo hayo hayo kwa maneno marefu zaidi: uchangiaji wa jamii, ushirikishwaji, uwajibikaji. Nawaomba mshike hasa lile la katikati, la nani anachagua, kwa sababu ndilo nililolikosa mimi.

HALI ILIVYO

Mwaka 2002 ulianzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Mwaka uliofuata Rais George W. Bush wa Marekani alitangaza mpango wa PEPFAR, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa. Kwetu Mbeya sehemu kubwa ya fedha za PEPFAR ilipitia programu ya Walter Reed, na wengi wenu mnakumbuka magari yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulikuwa umekuta watu wazima 13.5 katika kila 100 wa Mkoa wa Mbeya wana virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara wakati ule. Utafiti wa 2022-23 ulikuta asilimia 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Msizisome tarakimu hizo kana kwamba miaka ishirini imepita bure. Mtu anayekunywa dawa anaishi, na akiishi anahesabiwa. Wapo wanakwaya wetu wanaoimba kila Jumapili ambao mwaka 2003 tungekuwa tumeshawazika.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafungwa rasmi. Novemba mwaka huo huo Mfuko wa Dunia ulifanya mkutano wa kukusanya ahadi kule Johannesburg. Ulilenga dola bilioni 18 ukapata ahadi za bilioni 11.34. Hizo ni fedha nyingi bado, lakini katika mkutano kama huo wa mwaka 2022 ahadi zilifika bilioni 15.7.

Maana yake kwa mwenyekiti wa Busale ni hii: fungu limepungua na waombaji wameongezeka. Asasi kubwa za mjini zilizokuwa hazitazami mifuko midogo sasa zinagombania mifuko hiyo hiyo tunayoitazama sisi. Kamati inayojaza fomu kwa kubahatisha itachoka kabla haijapata kitu.

HABARI YA BAISKELI

Sasa kosa langu. Mwaka 2008 nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nina kompyuta ya ofisi na hamu ya kuonekana. Mfadhili mmoja wa ng'ambo alitangaza ruzuku ya miaka mitatu kwa huduma ya wagonjwa majumbani. Nikaandika andiko la mradi kwa usiku mbili. Andiko lilikuwa zuri, nasema bila aibu. Lilikuwa na walengwa, viashiria na jedwali la shughuli, na mahali pa kueleza uendelevu niliandika kwamba jamii itaendeleza mradi baada ya ruzuku kwisha. Sikumuuliza mtu yeyote wa jamii hiyo.

Fedha ikaja. Tukanunua baiskeli, tukatoa mafunzo ya wiki mbili, tukawalipa wahudumu posho ya kila mwezi. Wahudumu niliwachagua mimi pamoja na wachungaji, kwa kutazama nani anajua kusoma na nani anaaminika. Walikuwa watu wema. Walizunguka vijijini, walipeleka wagonjwa kliniki ya tiba na matunzo, walikaa na watu ambao jirani zao walikuwa wanawaogopa. Taarifa zetu za robo zilisifiwa.

Mwaka 2011 ruzuku ikaisha. Mwezi wa kwanza bila posho wahudumu walienda kama kawaida. Mwezi wa tatu nusu yao walikuwa wameacha. Siwalaumu, kwa sababu kazi ya kila siku juani na kwenye tope la masika si kazi ya kumwomba mtu mwenye watoto aifanye bure. Mhudumu mmoja akahamia Mbeya kufanya biashara. Katika kitongoji chake alikuwapo mama mmoja, mjane, aliyekuwa akipelekwa kliniki kwa baiskeli kila mwezi kwa sababu miguu ilikuwa na ganzi na nauli hakuwa nayo. Alikosa mwezi mmoja, akakosa wa pili, akaona haya kurudi. Hatukujua. Mimi nilijua siku ya mazishi, nilipoalikwa kutoa salamu za ofisi.

Pale msibani mzee mmoja aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Aliuliza, yule kijana wa baiskeli alipoondoka, nani alitakiwa kumweka mwingine? Nikafungua mdomo nikaufunga. Kijiji hakikumchagua, kwa hiyo hakikujiona na mamlaka ya kumbadilisha. Baraza la wazee la usharika halikumchagua. Mfadhili alikuwa ameshafunga faili. Nilibaki mimi, na nilikuwa naandika andiko jingine.

FIMBO YA DAWA YA USUBI

Wakati baiskeli zile zinaota kutu, katika vijiji vya eneo letu kulikuwa na kazi nyingine ya afya inayoendelea bila kelele. Wengi mmeshapimwa urefu kwa ile fimbo. Wilaya za Rungwe, Ileje na Kyela zimo katika eneo la usubi ambalo wataalamu huliita eneo la Tukuyu. Ugonjwa huu huenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, na mito yetu inayoshuka kutoka milimani kuja ziwani ni nyumba nzuri kwao. Mgonjwa huwashwa ngozi miaka mingi, na mwisho anaweza kupofuka.

Dawa yake ni ivermektini. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa muda wote itakapohitajika. Mwaka 1995 ukaanzishwa mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, APOC, uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, fedha zikipitia mfuko wa Benki ya Dunia. Lakini wenye mpango walikuwa na tatizo: dawa ipo bure, nani ataifikisha kila mwaka kwa watu wa vijiji visivyo na zahanati? Wakaamua jambo ambalo wakati ule lilionekana la hatari. Wakaviachia vijiji vichague wagawa dawa wao wenyewe, na vijiji viamue mwezi gani dawa igawiwe na kwa njia gani, nyumba kwa nyumba au kituoni. Wataalamu walibaki na kufundisha, kuleta dawa na kusimamia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuielewa. Mgawa dawa ana daftari la kaya, ana fimbo yenye alama, anampima mtu urefu na alama inamwambia atoe vidonge vingapi. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito, wala mtu aliye mgonjwa sana. Hakuna mzani wala kompyuta.

APOC ilifungwa mwishoni mwa 2015, miaka minne baada ya mradi wangu. Fimbo hazikutupwa. Kazi ilikuwa imeshaingia katika mpango wa taifa wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, na mwaka huo huo watafiti walikuwa katika eneo la Tukuyu wakichunguza watoto na nzi kuona maambukizi yamefikia wapi. Mgawa dawa alipohama au kuolewa kijiji kingine, mkutano wa kijiji uliweka mtu mwingine. Swali la yule mzee lilikuwa na jibu.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Wagawa dawa walinung'unika, na wana haki. Waliona wenzao wa kampeni nyingine wakilipwa posho kwa siku tatu, wao wakipewa asante. Wapo walioacha. Tena kazi ya usubi ni ya siku chache kwa mwaka, na kumhudumia mgonjwa nyumbani ni ya kila wiki. Huwezi kuchukua utaratibu wa hii ukaubandika kwenye ile. Mtu akiniambia kwamba kujitolea kunatosha kwa kila jambo, namwomba akazunguke Busale mwezi wa nne kwa miguu. Ninachosema ni kitu kimoja tu. Kabla ya kuuliza fedha itatoka wapi, ulizeni nani atamchagua mtenda kazi na nani atamweka mwingine siku akiondoka. Kama jibu ni "mratibu" au "mfadhili", msijaze fomu hiyo bado.

MLANGO UPI NI WETU

Turudi kwenye karatasi za mwenyekiti. Kamati nyingi zinapoteza muda kwa kubisha milango isiyo yao.

Mfuko wa Dunia hauombwi na usharika, wala na dayosisi moja moja. Kila nchi inaomba kupitia chombo chake cha kitaifa. Kwetu kinaitwa TNCM, na ndani yake wamo serikali, wafadhili na asasi za kiraia, taasisi za dini zikiwemo. Fedha inapokewa na wapokeaji wakuu, kwa mfano Wizara ya Fedha au Amref, kisha inashuka kwa wapokeaji wadogo. Zamani kulikuwa na utaratibu wa raundi, na watu wakisubiri raundi kama wanavyosubiri mvua. Raundi ya 11 ilifutwa mwaka 2011, utaratibu ukabadilishwa. Mkiona mtu anawauzia "fomu ya Global Fund" huko mitaani, mfukuzeni. Njia yenu ya kufika huko ni kupitia dayosisi na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliyoundwa mwaka 1992 na Wakatoliki pamoja na makanisa ya CCT, na kupitia kamati za UKIMWI za kijiji, kata na wilaya. Ni njia ndefu. Lakini kamati ya UKIMWI ya kata ina kiti cha viongozi wa dini, na nimekuta mahali pengi kiti hicho ni kitupu kwa sababu mjumbe wetu alisikia hakuna posho.

Balozi kadhaa za Dar es Salaam, Japani na Ujerumani zikiwemo, zimekuwa na mifuko ya miradi midogo. Hizi zinapenda vitu vinavyoonekana: jengo la zahanati, kisima, vyoo vya shule. Hazipendi kulipa mishahara. Foundation for Civil Society, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza ruzuku kwa asasi za kiraia zilizosajiliwa. Usharika peke yake hauna usajili wa namna hiyo, kwa hiyo ulizeni ofisini kabla ya kuanza kuandika. Kwa kazi za UKIMWI upo pia mfuko wa Kili Challenge wa mgodi wa Geita, ambao tangu 2002 watu hupanda Mlima Kilimanjaro kuuchangia, ukiendeshwa pamoja na TACAIDS.

Mlango wa karibu kuliko yote hauna lugha ya kigeni. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya udanganyifu uliokuwapo, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Usharika hauwezi kukopa, ila kikundi cha akina mama wanaoishi na virusi kinaweza, na nauli ya kliniki inayotoka kwenye biashara ya mtu mwenyewe haina tarehe ya mwisho ya mradi. Ni mkopo lakini. Unarudishwa. Nimeona vikundi vikigawana fedha siku ile ile ilipotoka, kisha vinakuja kwa mchungaji kuombewa.

MIKUTANO

Karatasi mbili za mikutano ndizo zilizoleta mjadala mkali Busale, maana ndege ina utamu wake. Sisemi mikutano haina faida. Mkutano wa tatu wa kimataifa kuhusu UKIMWI katika Afrika ulifanyika hapa nchini, Arusha, mwaka 1988, wakati bado tunanong'ona jina la ugonjwa. Mikutano hiyo leo inaitwa ICASA na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Wa 2019 ulikuwa Kigali, wa 2023 Harare, wa 2025 Accra. Hapa nyumbani kuna Tanzania Health Summit ya kila mwaka tangu 2014, na mikutano ya kisayansi ya taasisi ya utafiti, NIMR, ambayo ina kituo hapo Tukuyu.

Mikutano mikubwa ya kweli hutoa ufadhili wa kuhudhuria kwa watu wachache. Utaratibu wake ni huu: unaandika ikisiri, yaani ukurasa mmoja unaoeleza mlifanya nini, mliona nini na mmejifunza nini. Kikubaliwa ndipo unaomba nauli. Tarehe ya mwisho huwa miezi sita au zaidi kabla ya mkutano. Anayeanza kutafuta pasipoti baada ya kukubaliwa amechelewa. Ikisiri inatokana na daftari, kwa hiyo kamati isiyoandika kumbukumbu zake haina cha kupeleka, hata kama imefanya kazi ya ajabu.

Sasa lile la uchungu. Mwaka 2011 katibu wa kamati ya usharika mmoja, ambao sitautaja, alipata barua pepe ikimwalika kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI na haki za watoto, sehemu ya kwanza Marekani, ya pili Dakar, Senegal. Tiketi bure, viza bure, chakula bure. Mjumbe alipe tu nafasi ya hoteli ya Dakar, kwa Western Union, kabla ya wiki mbili. Barua ilikuwa na nembo na muhuri. Kamati ikafanya mnada wa sadaka baada ya ibada: mikungu ya ndizi, mchele, kuku wawili. Wakatuma shilingi laki tatu na nusu. Waliponiletea barua ile kunifurahisha, fedha ilikuwa imeshakwenda. Ulaghai wa namna hiyo ulienea sana duniani miaka ile, na bado upo, sasa unakuja kwa simu. Mkutano wa kweli haukutafuti wewe usiyejulikana, na haukualiki bila kuuliza unafanya kazi gani. Leteni kila mwaliko ofisini kabla ya kutoa hata shilingi moja. Katibu yule aliacha kuja kanisani kwa mwaka mzima kwa aibu. Alifanya kwa moyo mweupe, na mimi nilikuwa sijawahi kuwafundisha.

Kwa mikutano ya kweli nayo ulizeni swali lile lile: nani amemchagua anayekwenda? Uzoefu wangu ni kwamba anakwenda anayejua Kiingereza, na mara nyingi huyo ni mimi. Nimekaa kwenye kumbi za hoteli nikieleza kazi ya akina mama ambao walikuwa wakipalilia mpunga saa ile ile. Tangu sasa nimewaomba wakubwa wangu kwamba mkutano wa ndani ya nchi, unaoendeshwa kwa Kiswahili au wenye mkalimani, aende mhudumu mwenyewe, achaguliwe na kamati, na akirudi asome taarifa mbele ya kamati hiyo kabla ya kuisoma ofisini.

NENO KWA WAFADHILI

Ndugu zetu, fomu zenu karibu zote zina mstari kuhusu uendelevu. Mnajua na sisi tunajua kwamba tunajaza mnachotaka kusoma. Mngeuliza badala yake, "Tupeni muhtasari wa mkutano uliomchagua mhudumu, na mtuambie atabadilishwaje," mngepata majibu mafupi na ya kweli zaidi. Pili, miaka mitatu ni michache. Mwaka wa kwanza tunanunua, wa pili tunajifunza, wa tatu tunaandika taarifa ya kufunga. APOC ilidumu miaka 20. Tatu, msaidieni gharama zisizopigwa picha: ukaguzi wa hesabu, vipuri, madaftari, nauli ya mtunza hazina kwenda benki. Mwaka mmoja tulikosa ruzuku nzuri kwa sababu tu hesabu zetu zilizokaguliwa zilichelewa, na zilichelewa kwa sababu hapakuwa na fungu la kumlipa mkaguzi.

BUSALE WALIFANYAJE

Siku ya pili kamati iliweka kando karatasi tano kati ya sita. Ya ubalozi iliwauma kuiacha, lakini zahanati si hitaji lao la kwanza kwa sasa. Hitaji walilolitaja wenyewe ni watu wanaoanza kukosa siku za kliniki tangu wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi walipopunguzwa. Mama mmoja mzee wa kanisa alisema, "Tusingoje mazishi tena," na chumba kikanyamaza, kwa sababu wengine walikuwapo msibani mwaka ule.

Wakakubaliana kila mtaa wa usharika uchague watu wawili, mbele ya ibada na kwa kushirikiana na serikali ya kijiji, wa kuwatembelea walioomba kutembelewa. Neno "walioomba" lilichukua saa nzima. Mwinjilisti alitaka orodha ya wagonjwa wote, na muuguzi aliyekuwapo akasema wazi kwamba siri ya mgonjwa si mali ya kanisa. Muuguzi alishinda, na nilifurahi. Kila mtembeleaji atakwenda mara mbili kwa mwezi, si zaidi. Nauli ya wasiojiweza itatoka kwenye mnada wa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mwenye mti wa kokoa atoe kilo moja ya kokoa kavu wakati wa msimu, asiye nayo alete alicho nacho. Waliposikia habari ya bei ya kokoa ya mwaka 2024, walicheka wakasema hata kilo moja si haba. Funguo mbili za sanduku zitakaa kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja. Ndaga fijo kwa aliyelitoa wazo hilo.

Karatasi ya sita, ya asasi ya Dar es Salaam, ndiyo tutakayoijaza, kupitia dayosisi. Tunaomba mafunzo ya wiki moja, madaftari, makoti ya mvua na fedha za ukaguzi. Posho ya mwezi hatuombi.

Kwa kamati nyingine, jadilini haya katika kikao kijacho na mwandike majibu kwenye muhtasari. Katika mradi wa mwisho uliowahi kuja kwenu, nani aliwachagua watenda kazi? Yuko wapi leo yule aliyekuwa akihudumiwa? Kiti chenu kwenye kamati ya UKIMWI ya kata kina mtu? Majibu yaletwe ofisini pamoja na taarifa ya robo, hata kama ni mistari mitano kwa kalamu.

Fomu ya Busale iko mezani kwangu. Sehemu zote zimejazwa isipokuwa bajeti, ambayo inamsubiri mtunza hazina wao alete stakabadhi za minada miwili ya kwanza.